Kodi na Sheria Yake: Mlipaji Ajue Anachodaiwa

Tuchukue mfano wa mzee mmoja mkulima. Ana shamba la majani chai, ng'ombe watatu wa maziwa, na duka dogo kando ya barabara. Siku moja akaletewa barua kutoka ofisi ya kodi. Akaifungua, akaona tarakimu nyingi na maneno mazito ya kisheria, moyo ukamwenda mbio. Akaikunja tena, akaitia katika sanduku lililo chini ya kitanda, akajiambia kwamba ataishughulikia baada ya mavuno. Mavuno yakaja, yakapita. Mwishowe mpwa wake, ambaye ni karani mjini, alipokuja nyumbani kwa likizo, mzee akamtolea ile barua.

“Mjomba,” yule kijana akasema baada ya kuisoma, “barua hii ina miezi minne. Mbona hukuniita?”

“Niliogopa, mpwa wangu. Kodi ni kodi. Nani awezaye kushindana na Serikali?”

“Haikuwa kushindana, Mjomba. Sheria ilikupa siku 30 za kusema neno lako. Siku hizo zimekwisha, nawe hukusema lolote.”

Mzee huyo ni wa mfano tu, lakini walio kama yeye ni wengi, na baadhi yao ni watu waliokwenda shule. Wengi huichukua kodi kama mvua ya mawe: huanguka kutoka juu, huharibu, wala mtu hana la kufanya ila kujikinga. Fikira hiyo si ya kweli. Kodi ni jambo la sheria tangu mwanzo hadi mwisho. Ni sheria itajayo nani alipe, alipe juu ya nini, kiasi gani na siku gani. Na mtu akiona amedaiwa visivyo, ni sheria hiyo hiyo imwambiayo aende wapi. Basi aijuaye sheria hulipa anachodaiwa, wala hazidishiwi senti. Asiyeijua ama hulipa asichodaiwa, ama hujificha, kisha hulipa deni pamoja na adhabu.

Kwa sababu hiyo twataka kueleza hapa misingi ya sheria ya kodi, na kodi kuu za taifa la Kenya, kwa maneno ambayo mkulima na karani waweza kuyatumia.

TULIKOTOKA

Ili kuifahamu misingi hiyo, yafaa kwanza tukumbuke jinsi kodi ilivyoingia katika nchi hii. Mwaka 1901 ilitolewa amri ya kodi ya nyumba, ikatozwa kwa rupia juu ya kila kibanda. Mwaka 1910 ikaongezwa kodi ya kichwa, ili hata kijana asiye na nyumba yake mwenyewe asiponyoke. Shabaha haikuwa kupata fedha tu. Wakuu wa wakati ule walijua vema ya kuwa mtu asiye na fedha, akitakiwa kulipa fedha, hana budi kutoka kwao akatafute kazi katika mashamba ya walowezi.

Tuiangalie kodi hiyo kwa jicho la haki. Mwenye mbuzi mmoja na mwenye ng'ombe 100 walitozwa kiasi kile kile kwa kila kibanda. Aliyeoa wake watatu, kila mke na nyumba yake, alilipa mara tatu, hata kama njaa ilikuwa imeingia katika nyumba zote tatu. Mlipaji hakuwa na mjumbe katika baraza lililoitunga sheria. Mwafrika wa kwanza kuingia katika Baraza la Kutunga Sheria la Kenya, Bwana Eliud Mathu, aliingia mwaka 1944, na wajumbe wa kwanza waliochaguliwa na Waafrika wenyewe waliingia mwaka 1957. Yaani kwa zaidi ya miaka 40 watu walilipa bila kuulizwa.

Mwanzoni mwa miaka ya 1920 kodi hiyo ilipandishwa hadi shilingi 16, na huku mishahara ikipunguzwa. Malalamiko yakaenea. Bwana Harry Thuku, aliyekuwa akiyasema malalamiko hayo mbele ya watu, alikamatwa Nairobi mwezi wa Machi mwaka 1922, na watu waliokusanyika kumdai wakapigwa risasi, wengine wakafa. Baadaye kodi ikashushwa hadi shilingi 12.

Katika miaka hiyo hiyo Serikali ilijaribu kuwatoza walowezi kodi ya mapato. Nao walikuwa na sauti katika baraza. Walipinga, na sheria hiyo ikafutwa mwaka 1922. Haikurudi hadi mwaka 1937. Hapo msomaji aweza kuona tofauti yenyewe. Aliyekuwa na sauti alipinga kodi akaondolewa. Asiyekuwa na sauti alipinga akapigwa risasi. Amri ya kodi ilikuwapo kwa wote wawili, lakini amri peke yake haitoshi. Sheria ya kodi ni ya haki ikiwa wailipao wana neno katika kuitunga, na ikiwa mzigo unagawanywa kwa kadiri ya nguvu za kila mtu.

MISINGI YA SHERIA YA KODI

Mambo hayo mawili yameandikwa leo katika Katiba ya Kenya, iliyotangazwa tarehe 27 Agosti 2010. Twataja misingi mitano.

Msingi wa kwanza: hapana kodi pasipo sheria. Kifungu cha 210 chasema kwamba kodi au ada ya leseni haiwezi kutozwa, kusamehewa wala kubadilishwa ila kwa njia ya sheria. Ofisa hawezi kuamka asubuhi akabuni kodi, wala mkubwa hawezi kumsamehe rafiki yake kwa neno la mdomo. Pale sheria inaporuhusu msamaha, kila msamaha sharti uandikwe pamoja na sababu yake, na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu aarifiwe.

Msingi wa pili: mzigo ugawanywe kwa haki. Hilo lasemwa na kifungu cha 201. Maana yake ni kwamba walio na uwezo sawa walipe sawa, na mwenye uwezo zaidi alipe zaidi. Mfano wa karibu ni tozo ya nyumba za bei nafuu. Mwaka 2023 wenye mishahara walianza kukatwa asilimia 1.5 kwa ajili ya tozo hiyo, na waajiri wakaongeza kiasi kama hicho. Mwezi wa Novemba mwaka huo Mahakama Kuu ikaamua kwamba tozo ile haikuwa na msingi kamili wa kisheria, tena iliwabagua wenye mishahara na kuwaacha wenye mapato mengine. Bunge likalazimika kutunga sheria mpya mwezi wa Machi 2024, iliyowaingiza na wale wengine. Tozo ilirudi, lakini ilirudi kwa njia ya sheria, na kwa watu wengi zaidi.

Msingi wa tatu: hapana mkubwa mbele ya kodi. Kifungu hicho cha 210 chakataza sheria yoyote kumwondolea ofisa wa Serikali kodi kwa sababu ya cheo chake. Mbunge, jaji na Rais hulipa kodi juu ya mshahara kama karani wa posta.

Msingi wa nne: kila serikali na kodi zake. Kifungu cha 209 chaipa Serikali ya Taifa peke yake mamlaka ya kutoza kodi ya mapato, kodi ya ongezeko la thamani, ushuru wa forodha, na ushuru wa bidhaa. Kaunti 47 zaweza kutoza kodi ya ardhi na majengo, kodi ya michezo na burudani, na nyingine zitakazoruhusiwa na sheria ya Bunge. Tena zaweza kutoza malipo ya huduma zitoazo, kama ada ya soko. Kwa hiyo mtu akikudai fedha, mwulize kwanza: hii ni kodi gani, na ni ya serikali ipi? Swali hilo si utovu wa adabu.

Msingi wa tano ni wa zamani zaidi ya Katiba. Mwaka 1776 mtaalamu wa uchumi wa Scotland, Adam Smith, aliandika kwamba kodi njema ina sifa nne: iwe sawa na uwezo wa mlipaji, iwe wazi, mtu ajue kiasi na siku, itozwe wakati ambapo mlipaji ana fedha mkononi, na gharama ya kuikusanya isiwe kubwa. Ipime kodi ya kibanda kwa mizani hiyo. Ilikuwa wazi, kwa kweli, maana kila mtu alikijua kiasi chake. Lakini haikuangalia uwezo, wala haikungoja mavuno.

KODI YA MAPATO

Sasa na tuziangalie kodi kuu za taifa moja moja. Ya kwanza ni kodi ya mapato, ambayo sheria yake ilianza kutumika tarehe 1 Januari 1974, na imerekebishwa mara nyingi tangu hapo. Kodi hii huangalia alichopata mtu: mshahara, faida ya biashara au ya shamba, kodi ya nyumba aliyopangisha, na mengineyo.

Kwa karani, kodi hii hukatwa mshaharani na mwajiri, naye mwajiri hutakiwa kuipeleka kabla ya siku ya 9 ya mwezi unaofuata kupita. Kwa viwango vilivyowekwa na Sheria ya Fedha ya mwaka 2023, shilingi 24,000 za kwanza za mwezi hutozwa asilimia 10. Shilingi 8,333 zinazofuata hutozwa asilimia 25. Zinazozidi hapo, hadi shilingi 500,000, hutozwa asilimia 30. Kisha asilimia 32.5 hadi shilingi 800,000, na asilimia 35 juu ya hapo. Baada ya hesabu hiyo kila mkazi hupunguziwa shilingi 2,400 kwa mwezi.

Tufanye hesabu ya karani ambaye, baada ya makato yanayoruhusiwa, amebaki na shilingi 40,000 za kutozwa kodi. Asilimia 10 ya shilingi 24,000 ni shilingi 2,400. Asilimia 25 ya shilingi 8,333 ni shilingi 2,083 na senti 25. Zilizobaki ni shilingi 7,667, na asilimia 30 yake ni shilingi 2,300 na senti 10. Jumla ni shilingi 6,783 na senti 35. Ondoa zile 2,400 za punguzo, karani huyu hulipa shilingi 4,383 na senti 35.

Tumeifanya hesabu hii kwa makusudi, maana liko kosa moja linalowasumbua wengi. Wako watu wanaoogopa kupandishwa cheo, wakidhani kwamba wakiingia katika daraja la asilimia 30 basi mshahara wote utatozwa asilimia 30, na mfukoni watabaki na kidogo kuliko zamani. Sivyo. Asilimia 30 huzipata zile shilingi zilizozidi tu. Karani aliyekuwa na shilingi 32,333 akiongezwa shilingi 1,000, hulipa shilingi 300 zaidi, naye hubaki na shilingi 700. Zile za chini haziguswi. Bwana karani, ukiitiwa cheo, kipokee!

Kila mwaka, kabla ya tarehe 30 Juni kupita, mtu mwenye nambari ya mlipa kodi, ndiyo iitwayo PIN, hutakiwa kupeleka taarifa ya mapato yake ya mwaka uliotangulia. Ndiyo maana mwajiri humpa mfanyakazi hati iitwayo P9, yenye kuonyesha mshahara na kodi iliyokatwa. Idai hati hiyo, uilinganishe na karatasi zako za mshahara. Mtu anayechelewa kupeleka taarifa aweza kutozwa adhabu ya shilingi 2,000 au asilimia 5 ya kodi, kadiri kubwa kati ya hizo mbili, hata kama kodi yenyewe ilikwisha kukatwa yote.

MKULIMA NA MWENYE DUKA

Wako wakulima wanaodhani kwamba sheria ya mapato ni ya makarani tu. Hilo ni kosa. Faida ya shamba ni mapato kama mapato mengine, na biashara ndogo nayo ina kodi yake.

Kwa sheria ya mwaka 2023, biashara ambayo mauzo yake kwa mwaka ni zaidi ya shilingi milioni 1 na si zaidi ya milioni 25 yaweza kulipa kodi ya mauzo ya asilimia 3. Kodi hii hulipwa kila mwezi, kabla ya siku ya 20 ya mwezi unaofuata kupita. Aliye chini ya milioni 1 hayumo katika kodi hii. Lakini kuwa nje yake si kusema kwamba yuko nje ya sheria ya mapato yote.

Kodi ya mauzo ni rahisi kuhesabu, na kwa sababu ya urahisi huo wengi huikubali bila kufikiri. Lakini haiangalii faida. Huangalia mauzo tu. Chukua mwenye duka auzaye bidhaa za shilingi 150,000 kwa mwezi. Kodi yake ni shilingi 4,500. Kama bidhaa na gharama zake zote zilimgharimu shilingi 140,000, faida yake ni shilingi 10,000, na kodi imekula karibu nusu yake.

Sheria haimlazimishi kubaki hapo. Yamruhusu kumwandikia Kamishna kwamba ataka kuhesabiwa kwa njia ya kawaida, yaani juu ya faida. Faida ya shilingi 10,000 kwa mwezi ni shilingi 120,000 kwa mwaka, na asilimia 10 yake ni shilingi 12,000. Naye ana haki ya punguzo la shilingi 28,800 kwa mwaka. Kama hana mapato mengine, hadaiwi kitu. Kwa njia ya kwanza angelipa shilingi 54,000 kwa mwaka. Kwa njia ya pili halipi. Sheria ni ile ile na duka ni lile lile.

Lakini liko sharti: lazima aweze kuonyesha gharama zake kwa maandishi, na tangu mwaka 2024 ankara za gharama hizo, isipokuwa zile zilizoachiliwa na sheria, hutakiwa ziwe zimetolewa kwa mtambo wa kielektroniki wa Mamlaka ya Ushuru. Wazee walisema, mali bila daftari huisha bila habari. Nasi twaongeza kwamba asiye na daftari hana njia ya kuonyesha kwamba faida yake ilikuwa ndogo.

KODI YA ONGEZEKO LA THAMANI

Kodi ya pili ni ile ya ongezeko la thamani. Ilianza tarehe 1 Januari 1990, ikachukua mahali pa kodi ya mauzo ya mwaka 1973, na sheria inayoitawala leo ni ya mwaka 2013. Kiwango chake cha kawaida ni asilimia 16. Hii ndiyo kodi inayolipwa na kila mtu, hata mtoto aliyetumwa dukani kununua sabuni, ijapokuwa mlipaji haioni.

Jinsi ifanyavyo kazi ni hivi. Mwenye mbao amwuzia seremala mbao za shilingi 10,000, aongeza kodi ya shilingi 1,600. Seremala atengeneza meza na viti, aviuza kwa shilingi 16,000, aongeza kodi ya shilingi 2,560. Seremala hapeleki 2,560 zote Serikalini. Huondoa zile 1,600 alizokwisha kulipa, hupeleka 960. Ukijumlisha 1,600 na 960, wapata 2,560, ndizo alizotoa mnunuzi wa mwisho. Kwa hiyo wafanya biashara ni wakusanyaji tu. Mzigo wenyewe huubeba mnunuzi. Anayetakiwa kujiandikisha kuikusanya ni yule ambaye mauzo yake yenye kodi hufika shilingi milioni 5 kwa mwaka. Mfanya biashara ambaye hakuandikishwa hana ruhusa ya kukuongezea asilimia 16, na ukiona ameiandika katika risiti, mwulize nambari yake.

Hapa pana maneno mawili yanayochanganywa sana. Bidhaa zilizosamehewa, kama mazao ya shamba yasiyotengenezwa kiwandani, haziongezwi kodi; lakini mwuzaji wake hawezi kurudishiwa kodi aliyoilipa aliponunua vitu vya kazi yake. Bidhaa zenye kiwango cha sifuri, kama zile zinazouzwa nchi za nje, haziongezwi kodi vilevile, ila mwuzaji hurudishiwa alichokilipa. Mtu akisikia Bungeni kwamba bidhaa fulani imeondolewa katika sifuri na kutiwa katika msamaha, asishangilie upesi. Bei yaweza kupanda, kwa sababu mtengenezaji hatarudishiwa tena.

USHURU WA BIDHAA NA USHURU WA FORODHA

Ushuru wa bidhaa hutozwa juu ya vitu maalum kwa sheria ya mwaka 2015: pombe, sigara, mafuta ya magari, maongezi ya simu na vingine. Sababu yake ni mbili: kupata fedha, na kupunguza matumizi ya vitu vyenye madhara. Katika huduma ya kutuma fedha kwa simu, sheria ya mwaka 2023 iliweka ushuru wa asilimia 15. Wengi hudhani asilimia hiyo hukatwa katika fedha zenyewe. Sivyo, hutozwa juu ya ada ya kutuma. Mtoto wako akikutumia shilingi 1,000, Serikali haichukui 150.

Ushuru wa forodha hutozwa mpakani na bandarini juu ya bidhaa zitokazo nje. Katika jambo hili Kenya haiamui peke yake. Tangu tarehe 1 Januari 2005 imo katika Umoja wa Forodha wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, na bidhaa zitokazo nje ya Jumuiya hutozwa kwa viwango vilivyokubaliwa pamoja. Viwango hivyo vilikuwa sifuri kwa malighafi na mitambo, asilimia 10 kwa bidhaa zilizotengenezwa nusu, na asilimia 25 kwa zilizo tayari. Na tangu tarehe 1 Julai 2022 kikaongezwa cha asilimia 35 kwa baadhi ya bidhaa zitengenezwazo hapa kwetu kwa wingi. Bidhaa iliyotoka katika nchi mwanachama, ikiwa na hati ya asili yake, haitozwi ushuru huu.

Kodi hizi zote nne hukusanywa na Mamlaka ya Ushuru ya Kenya, iliyoanza kazi tarehe 1 Julai 1995. Mamlaka haitungi sheria, wala fedha hizo si zake. Huingia katika Mfuko Mkuu wa Serikali, nazo hazitoki humo ila kwa idhini ya sheria. Katiba yataka kaunti zigawiwe si chini ya asilimia 15 ya mapato ya taifa yaliyokaguliwa.

SHERIA HUBADILIKA KILA MWAKA

Msomaji aliyeyakata maelezo haya na kuyahifadhi asidhani amemaliza kazi. Kila mwaka Serikali hupeleka Bungeni mswada wa fedha, na viwango tulivyovitaja vyaweza kubadilishwa humo. Kabla mswada haujapitishwa, Bunge sharti liwaulize wananchi maoni yao. Nafasi hiyo ndiyo waliyoikosa babu zetu mwaka 1901.

Miaka ya karibuni imeonyesha uzito wa jambo hilo. Sheria ya Fedha ya mwaka 2023 ilitanguliwa na Mahakama ya Rufaa mwezi wa Julai 2024, kisha Mahakama ya Juu ikairudisha tarehe 29 Oktoba 2024. Mswada wa mwaka 2024, ambao mwanzoni ulitaka kuutoza hata mkate asilimia 16, uliwatoa vijana barabarani; watu walikufa, na tarehe 26 Juni Rais akakataa kuutia sahihi. Kilio cha barabarani kiligharimu damu, mwaka 1922 na mwaka 2024. Barua ya maoni iliyopelekwa kwa kamati ya Bunge kabla ya siku ya mwisho haigharimu ila karatasi na muda. Hatusemi kwamba barua husikilizwa daima. Twasema kwamba asiyeiandika amejinyima sauti yake.

UKILETEWA BARUA

Turudi sasa kwa mzee wetu na sanduku lake. Angefanyaje?

Kwanza, angeangalia tarehe ya barua, maana siku huhesabiwa tangu mtu alipoarifiwa. Sheria ya Taratibu za Kodi ya mwaka 2015 humpa mtu siku 30 za kupinga makadirio. Pingamizi huandikwa, huonyesha ni hesabu ipi isiyo sahihi na kwa nini, na huambatanishwa na hati. Kodi isiyobishaniwa hulipwa, inayobishaniwa hungoja. Kisha Kamishna ana siku 60 za kutoa uamuzi, na siku hizo zikipita bila jibu, pingamizi huhesabiwa kuwa limekubaliwa. Sheria yamfunga mlipaji kwa siku, lakini yamfunga na Kamishna vilevile.

Pili, uamuzi usipomridhisha, angeweza kupeleka rufaa katika Baraza la Rufaa za Kodi, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 2013, katika siku 30 nyingine. Baada ya hapo iko Mahakama Kuu.

Tatu, angeleta daftari lake. Katika mabishano ya kodi, ni juu ya mlipaji kuonyesha kwamba hesabu ya Mamlaka ina makosa. Aliye na mdomo mtupu hushindwa hata kama asema kweli. Sheria hiyo yataka hati zihifadhiwe miaka 5, ziandikwe kwa mojawapo ya lugha rasmi. Na lugha rasmi za Kenya ni Kiswahili na Kiingereza. Kwa hiyo mkulima aandikaye katika daftari la shule, kwa Kiswahili safi, “Leo nimeuza maziwa lita 12, nimenunua chakula cha ng'ombe gunia 1,” ametimiza neno la sheria, mradi hesabu ifahamike na risiti ziwepo.

Na mzee aliyekwisha kuchelewa? Asikate tamaa. Kama alikuwa mgonjwa, au nje ya nchi, au ana sababu nyingine ya haki, aweza kuomba muda uongezwe. Lakini hofu peke yake si sababu ya kutosha, na kila mwezi unaopita deni huongezeka riba ya asilimia 1.

Tumesema mengi, nasi twaomba msomaji achukue machache. Kodi ya haki ni deni, na deni hulipwa. Lakini deni lina hesabu yake, na mdaiwa ana haki ya kuiona hesabu hiyo, kuisoma, na kuuliza. Karani amsomee mjomba wake. Mkulima amwulize mpwa wake bila haya. Barua ya kodi ikija, ifunguliwe siku hiyo hiyo, isomwe mara mbili, tarehe yake iandikwe ukutani. Sandukuni chini ya kitanda hapafai barua ile. Panafaa daftari na risiti.